Nilimtaja Mbele ya Kanisa

Yaya Furaha, dada yangu mkubwa,

Mi mdogo wako Riziki. Niko Dzaleka, kambi ya wakimbizi huku Malawi, nashona nguo na mashini ya kuazima. Nsima, ugali wa huku, nimeizoea. Kukosa wewe, hapana.

Nimemuona Komanda. Ule wa kule kwetu Kongo, Fizi, ule alitutoa shambani kwa bunduki, akatupondesha mawe ya dhahabu yake kama batumwa. Siku uliishiwa nguvu ukakaa chini, yeye njo alikupiga mpaka ukanyamaza. Halafu akaniambia, "Chukua nyundo yake. Endelea." Nikaendelea, Yaya. We ulikuwa umelala pale pembeni yangu, hukuamka tena.

Nilienda Lilongwe kutafuta vitambaa, nikaingia duka moja, nikamkuta. Amenenepa. "Karibu, mama," akasema. Hakunitambua. Nilitoka bila kununua. Nikauliza bantu. Banamuita Papa Josue, eti mtu wa Mungu.

Kisha akaja kanisani kwetu hapa kambini, mgeni wa heshima, kutoa ushuhuda. Eti vita ilimnyang'anya kila kitu. Eti balimlazimisha kuponda mawe. Mateso yako, Yaya, aliyavaa yeye, na bamama banamlilia.

Nikasimama.

"Papa, nyundo ilikuwa mkononi mwa dada yangu. We ulishika fimbo."

Nikasema jina lako. Nikasema na lake la kule. Akacheka kidogo: "Huyu mama ni mgonjwa." Lakini nyuma kabisa mama mwingine alisimama, hata simjui, akashusha blauzi, akaonyesha kovu begani. "Na mi nilikuwa kule," akasema. "Ni yeye."

Alitoka mbio, akadandia kabaza, baiskeli ya kubeba abiria. Polisi balimkamata mji wa Madisi baada ya sisi wawili kuandikisha maelezo. Duka lake limefungwa. Bibi yake, ule alimuoa huku, amerudi kwao Nathenje.

Mchungaji ananiambia, "Samehe, mama, upate amani." Nikamjibu, "Pasta, yeye hajaniomba." Na hata akiomba, hapana. Nasikia analala chini kwenye sementi ya jela, na baridi ya huku unaijua wapi. Inanifurahisha. Sioni haya kukuandikia hivyo.

Sasa pumzika, Yaya wangu. Siku ya kesi nitavaa kitenge kipya, nikae mbele, mahali hawezi kuniepuka. Bakiniita nitasema yote, polepole, asikose hata neno moja.

Mdogo wako,
Riziki