Maria Hakuota

Jumatano, 4 Machi

Insha za wanafunzi wa chuo bado nusu. Uji wa Nuru umeungua. Baba Nuru hakunywa chai: ameota akiambiwa amka, mchukue mtoto, ondokeni katika nyumba hii. Hakuambiwa kwa nini, wala twende wapi. Mume wangu ni mtu wa kuwacheka manabii wa vipaza sauti. Leo hakucheka. Nimesema ni malaria. Amepima, hana.

Alhamisi, 5 Machi

Amelala sakafuni kando ya kitanda cha mtoto, amevaa viatu.

Nimesoma tena Mathayo, sura ya pili. Yusufu aliota, akaondoka usiku ule ule kwenda Misri. Tunaisifu haraka yake kila Krismasi. Maria, katika sura hiyo, hakuota kitu. Alimchukua mtoto akafuata. Je, aliiamini ndoto, au alimwamini mume? Sina hakika kama ni maswali mawili.

Nimempigia mama mkwe, Bukoba, nikitarajia amtulize mwanawe.

"Mama Nuru, funga mizigo. Maswali utauliza njiani."

Ijumaa, 6 Machi

Tuko Kamanga, ng'ambo ya ziwa, kwa wifi yangu. Nimekubali kwa hesabu, si kwa imani: akiwa amekosea yeye, tumepoteza siku chache, nikiwa nimekosea mimi, tumempoteza Nuru. Hesabu ya namna hiyo inaweza kumhamisha mtu yeyote kwenda popote. Nililijua hilo, na bado nikapanda kivuko.

Wifi ametupokea kwa kelele. "Karibuni Misri! Ila masufuria ya nyama hakuna, ni dagaa tu." Baba Nuru amecheka. Nilikuwa nimeisahau sauti hiyo.

Jumamosi, 7 Machi

Jirani yetu wa nyumbani, Pasiansi, amepiga simu. Nyumba nzima, kuku wazima.

Nimesikitika. Naandika kwa aibu: nilitaka ukuta uwe umeanguka.

Nimesema turudi, Jumatatu nina vipindi, naye kazini wameshamwonya. Amekataa, kwa upole. Yusufu hakurudi mpaka alipoambiwa tena, na yeye hajaambiwa. Nimemuuliza, na usipoambiwa? Tutaozea hapa, mtoto akikua kwa wifi, tukisubiri usingizi useme. Nina hasira, na sijui ni kwa nani.

Jumapili, 8 Machi

Alfajiri ameniuliza, kwa sauti ya chini, kama na mimi nimeota lolote. Nikajibu kwamba nimeota. Nimeambiwa, rudini.

Hakuuliza swali hata moja. Alibeba begi kabla ya chai. Mimi nilibishana na ndoto yake siku mbili.

Sikuota kitu.

Jumatatu, 9 Machi

Pasiansi. Baba Nuru ameondoka kwenda kazini akipiga mluzi. Amelala vizuri, anasema, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Mimi sikwenda chuoni. Dada wa kazi yupo, angemtunza Nuru kama siku zote, lakini nimemwambia aende sokoni. Paka akiruka juu ya bati, nashtuka. Aliyesema ondokeni simjui. Huenda hakuwa mtu, huenda ilikuwa uchovu tu. Aliyesema rudini namjua. Ikiwa hatari haikuwapo, nimemponya mume wangu kwa uongo. Ikiwa ilikuwapo, sijui imeondoka lini.

Nimejaribu kusali, nikakosa la kuanzia.

Mtoto amelala mkekani. Nimeweka kiganja mgongoni mwake. Kinapanda, kinashuka.