Ufunguo wa Subaru Sasa Ni Wako

Binti yangu,

Chai imo kwenye chupa. Dirisha la jikoni lifunge kabla hujatoka. Nimekwenda kwa daktari wa macho, kwa miguu.

Asubuhi hii nililitoa Subaru letu kama kawaida. Kwenye kona ya shule kulikuwa na mwalimu anavuka. Sikumwona kabisa mpaka alipopiga kelele, "Mzee, breki!" Nilisimama shubiri moja tu kutoka kwenye magoti yake. Amenisamehe, nami nikalirudisha gari nyumbani polepole.

Ufunguo huu hapa. ~~Litafutie mnunuzi.~~ Hapana, nimefuta. Miaka kumi na tisa nimelipangusa kwa mikono yangu, mama yako akiliita mke mwenzake. Siwezi kulitazama likichukuliwa na watu baki. Liendeshe wewe. Acha injini ipate joto kwanza, na usilioshe kwa sabuni ya vyombo, nakujua.

Saa sita unipitie kwa daktari. Nitakaa pembeni yako. Tukifika barabara kuu kanyaga mafuta, na turbo ikianza kupiga mluzi usinisemeshe. Niache nisikilize.

Baba