Mashine Imeniita kwa Jina Lako

Kulwa wangu,

Mwangaluka, dada. Naandika nikiwa dukani, mlango nimeurudishia, maana wateja wakiniona nalia watadhani vitenge vimepanda bei tena.

Nimekwenda mpakani. Ndiyo, mimi Doto, niliyekuwa natapika basi likiwa halijafika hata Lamadi. Tangu tukuzike, dukani zimebaki zile rangi ulizokuwa ukizificha chini, na hakuna mwingine wa kufuata mzigo. Nikatafuta paspoti, nikapanda basi.

Kule nchi jirani siku hizi, kama unavyojua, wana ile mashine inayosoma sura. Nikasimama mbele yake, kilemba nimefunga kama chako. Binti wa dirishani akaangalia kioo chake, akatabasamu: "Karibu tena, mama. Kulwa, si ndiyo?" Dada, tangu msiba hakuna aliyethubutu kuniita hivyo, na nilibakiza kidogo tu niitike. Kisha akafungua paspoti, akaona Doto, tabasamu likaisha. Akasema nasafiri kwa jina la mtu mwingine. Nikamweleza kwamba sisi ni mapacha na wewe umefariki. Akaniuliza kama nadhani mashine inakosea. Nikamwambia hata baba alitukosea majina mpaka anaingia kaburini. Hakucheka, na nikarudishwa mikono mitupu.

Masunga wako ndiye aliyelishika jambo hili, kule ofisini kwake Lagangabilili. Unamjua mwanao, akianza kuandika barua haachi. Akanieleza kwamba hapa kwetu sheria inampa mtu haki ya kuomba taarifa zake zirekebishwe au zifutwe. Wale jirani wakajibu kuwa sheria yao inamlinda aliye hai, marehemu hana cha kudai. Wenye mashine nao, walio nchi nyingine kabisa huko ng'ambo, wakasema sura yako imo ndani ya akili mnemba yao na haitoki mpaka uombe mwenyewe. Nikamwambia Masunga awajibu waje Ngulyati, nitawapeleka ulipolala wakuombe saini. Alicheka mpaka akalia, maskini. Anasema wewe ungejibu hivyohivyo.

Mwishowe wamekubali ndugu wa karibu atie saini. Ufutwe wewe, nisomwe mimi. Nisipotia, sipiti, na duka tulifunge. Karatasi ikaja, mkono wangu ukagoma. Masunga akadhani sijaelewa, akaanza kunisomea upya, taratibu. Nilikuwa nimeelewa sana. Kuna mahali pamoja duniani ambapo bado hujafa, binti anakutabasamia na kukukaribisha, na mimi ndiye naombwa nikutoe hapo. Nilimwambia mwanao aende nyumbani, tutaongea siku nyingine.

Ndipo nikakumbuka miaka ile biashara ilipofunguliwa na kila mwenye miguu akawa mfanyabiashara. Tulikuwa wasichana. Ulirudi kutoka safari yako ya kwanza na furushi la vitenge kichwani, hujalala, miguu imevimba, na watu wa stendi wakaanza kunipongeza mimi niliyekuwa nimetoka kuoga. Ukalitua furushi chini, ukasema kwa sauti ya kusikika stendi nzima: "Huyo ni Doto. Aliyesafiri ni mimi." Ulininunia mpaka nikakuchemshia michembe, vile viazi vikavu ulivyovipenda.

Safari zote zile ni zako, dada. Uso waliousoma pale umeunguzwa na jua la njiani, wangu umekaa kivulini dukani ukihesabu vifungo. Nikaona nikiuacha wako palepale, kila nikisimama mbele ya mashine nitakuwa napongezwa tena kwa kazi yako. Nikamwita Masunga, nikatia saini. Nililia, sikufichi, na Masunga akalia, tukawa wawili tunaloanisha karatasi ya serikali ya watu.

Wiki ijayo nasafiri. Mashine itasoma Doto, mgeni, mwanamke ambaye hajawahi kukanyaga pale. Wewe haitakujua kabisa, na hilo linaniuma kuliko nilivyodhani. Lakini nakuahidi: kabla sijachukua paspoti yangu nitamwambia yule binti kwamba njia hii ilifunguliwa na dada yangu. Nitamtajia jina lako, na nitasimama hapo dirishani mpaka alitamke.

Pumzika, mkubwa wangu.

Mdogo wako,
Doto