Kitufe cha "Rahisi"

Moose Jaw, Kanada, 11 Januari 2019

Mpenzi mdogo wangu Twyla,

Salamu nyingi katika jina la Bwana. U hali gani, na lile goti limetulia? Sisi huku wazima, ila baridi imekaza. Shemeji yako Harvey ametoka mara mbili leo kuondoa theluji mlangoni, na kila akirudi ananitazama kana kwamba nimeimwaga mimi.

Nashukuru ulivyoniwekea ile programu ya Kijapani kwenye tableti wakati wa Krismasi. Nimeizoea sasa. Inanionyesha kadi yenye neno, nalitafakari, naigeuza nione maana, halafu nachagua kitufe. Nikibonyeza "Nimesahau", kadi inarudi palepale. Nikibonyeza "Rahisi", nahesabiwa kwamba neno ninalo, na kadi inakwenda zake miezi minne. Mimi nabonyeza "Nimesahau" mpaka kidole kinaona haya.

Jana nikafungua ule ubao wenye majina yetu. Mimi, maneno 58. Wewe, 130. Na tulianza siku moja, Twyla, mezani kwangu, tukila bata mzinga wangu.

Sasa nikwambie kinachonikera, maana kwa simu nitafoka. Jumapili Curtis alipiga kutoka Sendai, huko Japani. Mjukuu wangu Mio akaja kwenye kioo, akanipungia mkono, akachungulia kulia na kushoto, akamuuliza baba yake jambo. Curtis akacheka. "Mama, anauliza Bibi Twyla yuko wapi. Jumatano alimsimulia habari za sungura mpaka mtoto akaanguka kwenye kiti kwa kucheka."

Jumatano ipi? Hukuniambia kama huwa unaongea nao.

Wanakuja tarehe 6 Julai. Mtoto ana miaka mitano, hajawahi kukanyaga huku, na lugha yetu haijui. Ombi langu kwa Mungu ni moja tu: akae mapajani mwangu, aseme, nami nimwelewe. Mwanangu yuko mbali miaka saba sasa, sitaki na mjukuu anipite hivihivi. Wewe ulijifunza ili kunipa kampani tu, ndivyo ulivyosema. Bibi ni mimi.

Dada yako,
Lavonne


Lethbridge, 2 Februari 2019

Kwako dada Lavonne,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji. Goti langu halijambo. Kinachonisumbua ni upepo. Jana ulibeba kifuniko cha pipa la taka mpaka kwa jirani, na jirani kakirudisha kwa uso wa mtu aliyetukanwa.

Umenuna. Nakujua tangu enzi za ile baiskeli nyekundu.

Hakuna uchawi, dada. Tangu mume wangu Orville afariki, asubuhi za nyumba hii zimekuwa ndefu mno. Nakaa na kahawa yangu, nachukua maneno ishirini, nayakosea kumi na tano, nayarudia mpaka kahawa inapoa. Kabla ya hapo nilikuwa naangalia dirishani tu. Na Jumatano ni mkweo Kanae aliyeomba, kwa sababu akipika, Mio hatulii. Sikukuficha, nilidhani Curtis amekwambia. Tena usidhani nazungumza kama mwalimu. Nilitaka kusema sungura amevaa kofia, nikasema amekula kofia, ndipo mtoto akaanguka. Nikaona anafurahi, basi sasa sungura wangu anakula kila kitu.

Usikimbizane nami. Kosea, rudia, kosea. Kwani nani anatuangalia?

Mdogo wako,
Twyla


Moose Jaw, 14 Machi 2019

Kwako Twyla,

Hujambo? Sisi hatujambo.

Umetazama ubao? Mimi ni 1,112. Nimeandika kwa tarakimu usije ukadhani macho yamekudanganya. Jumapili mchungaji alinitaja mbele ya watu, kwamba tuone bidii ya mama wa umri huu. Wanawake wa jiko la kanisa wakapiga makofi. Hata Mavis, ambaye hajawahi kuisifia pai yangu, alisema, "Lavonne, kumbe kichwa unacho." Nikamwambia ni neema tu.

Kwa kuwa nimekupita, naona ni haki Jumatano ziwe zangu. Mtoto hawezi kuvutwa na mabibi wawili. Mweleze Kanae wewe mwenyewe, isionekane kwamba nimekupokonya.

Dada yako,
Lavonne


Lethbridge, 29 Machi 2019

Dada,

Natumaini hamjambo. Mimi mzima.

Nimemweleza Kanae. Mio aliuliza kama nimemkasirikia, nikamwambia hapana, ila bibi yake ana maneno mengi kunishinda. Jumatano ni zako.

Ubao unaonyesha kwamba tarehe 9 Machi ulipanda maneno mia saba kwa siku moja. Sikuulizi kitu.

Mdogo wako,
Twyla


Moose Jaw, 15 Julai 2019

Mpenzi mdogo wangu Twyla,

Nakusalimu kwa upendo, nami najiuliza kama utaifungua barua hii. U mzima? Goti je? Miezi mitatu na nusu bila neno lako, na sababu ni mimi, kwa hiyo siulizi kwa kulaumu.

Hukuniuliza habari za tarehe 9 Machi. Nitakwambia. Nilitoka kwenye jiko la kanisa siku ile, nikafungua ubao, nikaona umefika 421 na mimi 96. Gere ikanipanda mpaka nikaona joto masikioni. Nikaketi na koti langu bado mwilini, nikabonyeza "Rahisi". Sikugeuza kadi. Sikusoma. Rahisi, rahisi, rahisi, kama mtu anayekatakata karoti. Kesho yake nikaendelea. Kila kadi ilinipa pointi na kupotea, nami nikaona raha kuona jina langu linapanda. Makofi ya kanisani niliyapokea kwa uongo, Twyla. Nimeshamwambia mchungaji. Bado sijamwambia Mavis.

Zile Jumatano nilizokupokonya hazikufaa kitu. Nilimsalimia Mio, akanijibu, tukaangaliana. Ya tatu akakimbilia wanasesere wake. Curtis nikamwambia intaneti ya huku mbovu.

Basi wamekuja. Pale uwanja wa ndege wa Regina mtoto aliinama kistaarabu, halafu akachungulia nyuma yangu. Nilijua anamtafuta nani. Nikajifanya nashughulika na mabegi.

Siku ya nne, tarehe 9 Julai, Curtis na Kanae walikwenda dukani na Harvey, tukabaki wawili. Mio alikuwa akichezea mlango wa wavu wa nyuma. Akaja jikoni ameficha mkono mgongoni, akaniambia, "Itai. Itai, Bibi." Hakulia, alisema taratibu tu, kama anayeeleza jambo. Nikafurahi kwamba hatimaye ananisemesha. Nikatabasamu, nikamwitikia "ndiyo, ndiyo" kwa Kijapani, nikamkatia kipande kingine cha pai. Akanitazama. Akasema tena. Nikamwongezea maziwa.

Aliketi nusu saa akila kwa mkono wa kushoto. Kanae aliporudi akauona ule mwingine, ukucha umekuwa mweusi kwa kubanwa na mlango. Hakunigombeza. Alisema polepole, "Mama, alikuwa anakwambia anaumia."

Siku hiyohiyo miezi minne ilitimia, na kadi zikaanza kurudi. Nilifungua tableti nikakuta mia saba zinanisubiri kwa pamoja. Ya kumi na kitu ilikuwa "itai". Chini yake pameandikwa: 9 Machi, Rahisi. Nikalia pale mezani.

Mio alinikuta hivyo. Akapanda kwenye kiti, akaivuta tableti, akasoma neno kwa sauti, akaningojea. Sikujua. Akabonyeza "Nimesahau" kwa kile kidole chenye bandeji, bila kunicheka. Likaja jingine. Sikujua. Akabonyeza tena. Tumefanya hivyo kila asubuhi tangu hapo. Nimemwomba Curtis afute hesabu yangu yote, na jana nilifika maneno 23, ya kweli.

Lakini kuna jambo linalonichoma kuliko hilo. Ubaoni, jina lako limesimama kwenye 520 tangu tarehe 29 Machi. Niliona Aprili, nikafurahi. Nikaona Mei, nikafurahi tena, Mungu anisamehe. Nilidhani umeshindwa. Juzi tu, mtoto akirudia neno kwa ajili yangu, ndipo nikakumbuka ulivyoandika kuhusu kahawa na dirisha. Nimekunyang'anya asubuhi zako, na mimi mwenyewe sikuwa na la kuzifanyia.

Wivu haujaniisha, sitakudanganya. Nauombea na bado upo. Sasa hivi Mio yuko hapa sakafuni anachora sungura anayekula kofia, na nilipomuuliza picha ni ya nani, akataja jina lako, na roho ikanifinya. Ukija atakukimbilia wewe kwanza, nami nitasimama mlangoni nimeuma meno. Njoo hivyohivyo.

Wanaondoka tarehe 2 Agosti. Kwa gari ni mwendo wa saa tano tu. Chumba cha juu kimetandikwa, na kahawa utainywa mezani kwangu, sisi watatu na kadi zetu.

Nijibu upesi, tafadhali, hata kama jibu ni hapana.

Dada yako,
Lavonne