Karatasi Chini ya Ndizi

Susu yangu,

Mama amebaki kanisani kwa kikao cha kina mama, nami nimemaliza kazi ya hesabu, basi nimechana karatasi ya katikati ya daftari nikuandikie. Tangu tukuzike miezi minane iliyopita nimekuwa nikizungumza nawe kichwani tu, hasa ninapomkama Kaveta. Amezaa, Susu. Ndama jike, ana doa jeupe kwenye paji la uso. Mama anasema ana ukaidi wako.

Sisi tu wazima hapa Mkongani. Ndovu walikuja mara moja tu msimu huu, wakala safu mbili za mahindi wakaenda zao. Majirani bado wanakutaja. Kikamba chao chote kiliishia kwenye hilo neno moja, Susu, na wengine hata hawajui kwamba maana yake ni nyanya. Wanadhani ndilo jina ulilobatizwa.

Lakini kuna jambo nililokosea, na sitaki ulisikie kwa mwingine.

Vijana wa kanisani tulipewa kazi: kila mmoja amshuhudie mtu mmoja habari za Yesu wiki hiyo. Tukagawiwa vikaratasi. Changu kiliandikwa juu kwa herufi nyekundu, "Ukifa leo, utakwenda wapi?" Nilikipenda kwa sababu kilikuwa kifupi. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, na jirani yetu Bi Riziki hakuiacha desturi yenu hata baada ya wewe kuondoka. Jua likikaribia kuzama, binti yake Mejumaa alituletea sahani ya futari, muhogo wa nazi na kaimati. Nawe ulitufundisha kwamba sahani ya jirani hairudi tupu. Utaweka mayai, utaweka mbaazi, ukikosa kabisa utaweka hata ndimu tatu.

Basi kesho yake nikaweka ndizi, na chini ya ndizi nikaweka kile kikaratasi. Nikaikabidhi sahani mlangoni kwao kabla ya magharibi, nikarudi mbio kwa furaha. Niliwaza: hili Susu hakulifanya miaka yote ile. Nisamehe. Nilidhani ulikuwa unaona haya kumtaja Yesu mbele yao.

Sikujua kwamba siku ileile mama mzazi wa Bi Riziki, ambaye amekuwa mgonjwa kwa muda mrefu, alikuwa ameletwa kutoka Msambweni kuuguzwa pale. Yeye ndiye aliyepewa ndizi ya kwanza. Karatasi ikamwangukia mapajani, na Mejumaa akaisoma kwa sauti kabla hajaelewa anachokisoma.

Kesho yake sahani haikuja. Kesho kutwa pia haikuja. Shuleni Mejumaa, ambaye nimeketi naye dawati moja tangu darasa la kwanza, akahamia nyuma. Nilipomfuata kumwuliza, akanijibu mbele ya wote, "Nenda zako, mhubiri wa ndizi!" Darasa zima likaangua kicheko. Mama alipopata habari alishika kiuno. "Neno la Mungu umelificha chini ya ndizi, Mumbua? Kama bangi?"

Nililia, Susu, na si kwa kuchekwa. Ule ujirani uliujenga wewe, tangu mlipohamia huku kutoka Kitui hamjui mtu, nami nimeuvunja kwa jioni moja. Tena, nikuambie ukweli, bado nilitaka Bi Riziki amjue Yesu. Sikujua mambo hayo mawili yatakaaje pamoja.

Siku ya nne nikaenda, mikono mitupu. Nikapiga hodi, nikaamkia shikamoo. Bi Riziki alikuwa ameketi juu ya mbuzi anakuna nazi. Akaitikia marahaba bila kuinua macho, akaendelea kukuna mpaka kifuu kikabaki kitupu. Nikasema nimekuja kuomba radhi, kwake na kwa mama yake.

Ndipo akaniambia, "Ulikuwa na neno la kuniambia, na mdomo unao. Mbona ukazituma ndizi?"

Akakiweka kifuu chini.

"Susu yako alinieleza habari za huyo Yesu wenu hapa hapa nilipokaa. Mara ngapi! Tukabishana mpaka wali ukaungua. Yeye akasema yake, mimi nikasema yangu, kisha tukala huo huo wali ulioungua. Hakunificha kitu, wala hakunivizia."

Susu, kumbe! Miaka yote nilikuona ukivuka ua na bakuli lako, nikidhani unakwenda kuzungumza naye habari za mbegu. Nikakumbuka mwaka ule ndovu walipomaliza shamba zima, na Bi Riziki akakuuliza unawezaje kucheka. Ulimjibu, "Nina Yesu, mwanangu, na nina mbegu nyingine kibuyuni." Nilicheka wakati ule, nikaona ni mzaha wako tu.

Akanisogezea kigoda. "Haya, sema sasa. Nakusikiliza."

Nikasema vibaya. Mistari yote niliyoikariri ilinitoka. Nilimweleza tu kwamba ulipofariki niliogopa hata kuingia chumbani mwako, nikawa naomba kila siku, na asubuhi moja nikajikuta nimo ndani nafagia huku naimba. Nikasema naamini Yesu ndiye aliyenishika mkono nikaingia, na kwamba yu hai. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Kwa habari ya Nabii Isa njia zetu zinaachana, wajua," akasema. Nikasema najua. "Lakini hilo la chumba nimeliamini."

Kisha akanipeleka kwa mama yake. Nikapiga magoti kando ya kitanda nikaomba radhi. Yule bibi akacheka kwa ufizi mtupu. "Mjukuu wangu, mimi ninakokwenda nakujua. Nisichokijua ni nani aliyezimaliza zile ndizi."

Sitakudanganya, Susu. Bi Riziki yuko kwenye dini yake, nami sikai tena kumhesabia siku za kuokoka. Bado namwombea. Anajua, maana nilimwambia mwenyewe. Akanijibu, "Omba, mwanangu, dua haimchomi mtu." Na jioni ile futari ilikuja.

Mejumaa naye amerudi kwenye dawati letu. Ijumaa, tukitoka shule, akaniuliza ghafla kwa nini siku zako za mwisho, na maumivu yote yale, ulikuwa ukiimba. Alikuwa akikusikia kutoka kwao, kumbe. Nilitaka kumjibu upesi nikashindwa, na tayari tulikuwa tumefika njia panda. Akasema, "Basi Jumatatu. Na ujipange, mwenzangu, nina maswali."

Leo ni Jumapili. Nimeomba, na bado naogopa kidogo, lakini ni woga mzuri, kama ule wa kusubiri mgeni unayempenda.

Pumzika, Susu, kwa Bwana uliyemwimbia. Nakuahidi kwamba kesho nitamjibu mimi mwenyewe, nikimtazama machoni, hata kama nitagugumiza. Na akibisha sitakimbilia nyumbani. Nitatembea naye polepole mpaka amalize kusema yake.

Mjukuu wako akupendaye,
Mumbua