Kufuli Jekundu la Ilpo Vuorela

KITUO CHA POLISI, KUOPIO
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Eila Kangasniemi. Umri: miaka 47. Kazi: mtunza majengo. Makazi: Petonen, Kuopio.

Nasoma kozi ya usimamizi wa mitambo ya majengo. Tunafundishwa kuendesha joto, hewa na taa za jengo zima kwa kompyuta. Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Nasikia mwenzetu Aarne Vuorela anadai kwamba marehemu Veijo Saksala aligombana na Ilpo, mdogo wake Aarne, akakusudia kumkata mkono. Huo ni uongo mtupu, na Veijo hawezi tena kujitetea.

Kila mwanafunzi ana kufuli jekundu lenye jina lake. Ukiingia ndani ya mtambo wa hewa, unazima swichi ya mlangoni, unaifunga kwa kufuli lako na ufunguo unakaa nao mfukoni. Kufuli likiwepo, kompyuta haina ubavu wa kuwasha kitu. Anayekutwa ameliacha kufuli lake ovyo hununulia darasa maandazi ya iliki. Ndio utani wetu.

Mnamo tarehe 14 Novemba, saa nne asubuhi, tukiwa kwenye kahawa, nilimwona Aarne akichukua kufuli la Ilpo mezani na kulitia mfukoni. Akanikonyeza. "Kesho maandazi, dada," akasema. Nilicheka.

Baada ya kahawa Ilpo alitakiwa kupanda kwenye chumba cha mtambo wa hewa, juu ya darasa letu, kubadilisha mkanda wa feni. Akauliza, "Jamani, nani kalichukua kufuli langu?" Aarne akajifanya hajasikia. Veijo alikuwa kwenye kompyuta, ameshaizima ile feni. Alikuwa mtu mzima wa miaka sitini na moja na vidole vyake vilikuwa vizito. Ilpo akamtania, "Mzee, bonyeza tu, haiumi hiyo!" Veijo akamjibu, "Kafunge mkanda wako huko, mtoto we." Walikuwa wanacheka wote wawili. Huo ndio ugomvi anaousema Aarne.

Ilpo akasema, "Feni si imezimwa? Basi," akapanda bila kufuli.

Muda mfupi baadaye mwalimu wetu, Merja Törmä, alisema, "Zoezi limekwisha. Rudisheni kila kitu kwenye otomatiki." Ndivyo tunavyofanya kila mara, mitambo ijiendeshe yenyewe, ili jengo lisibaki bila hewa. Veijo aliamini Ilpo ameshalipata kufuli lake na kulifunga. Akabonyeza.

Kwanza hewa ilivuma kwenye tundu la dari. Kisha ukelele wa Ilpo ukashuka kwenye tundu hilohilo, juu ya vichwa vyetu. Sijawahi kusikia binadamu akilia vile, na bado nausikia.

Merja na Aarne walikimbilia juu. Aarne alirudi peke yake, damu mpaka mabegani, ameshika spana kubwa ya bomba. "Umemmaliza ndugu yangu, we zee!" Alimpiga Veijo shavuni, mzee akiwa bado amekaa. Meno yakamwagika juu ya kibodi. Veijo akasema, "Nimerudisha otomatiki tu... kama tulivyoambiwa." Akapigwa kichwani, akaanguka.

Nilimkamata Aarne koti kwa nyuma nikamvuta kwa nguvu zangu zote. Mfuko ukachanika, kufuli likadondoka sakafuni karibu na uso wa Veijo. Jina lilikuwa juu: ILPO. Aarne aliliangalia. Nilikuwa nimemshika, nikahisi mwili wake umelegea. Nikadhani yamekwisha, nikamwachia.

Akainua spana akampiga Veijo tena, palepale kichwani.

Mapigo ya kwanza nayaelewa, ingawa siyasamehe. Hili la mwisho alilipiga akijua. Veijo hakuamka tena, akafariki juzi.

Jana nilikwenda hospitali kumwona Ilpo. Mkono wake wa kulia umekatwa kiwikoni. Hajaambiwa habari za kaka yake wala za Veijo. Aliniuliza, "Eila, kufuli langu limeonekana? Mwambie mzee Veijo asijilaumu, kosa ni langu, nilipanda bila kufuli."

Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo, sina la kuongeza.

Sahihi: E. Kangasniemi

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Mpelelezi Sanna Pelttari, na kumsomea shahidi. Hakutaka lolote libadilishwe. Aliomba kuliona kufuli, kielelezo namba 3, nikamwonyesha. Aliuliza kama damu iliyo juu yake ni ya Ilpo. Nilimjibu kuwa ni ya Veijo Saksala.