Vidonge vya Lantani Ulivyomeza Bila Chakula

Papa wangu,

Jana nilijua jambo, na ni wewe tu ninayetaka kukuambia.

Unakumbuka vidonge alivyotuma tonton, ndugu yako, kutoka Ubelgiji, figo zako zilipochoka? Nilikusomea karatasi yake: tafuna, pamoja na chakula. Ulicheka mpaka ukakohoa.

"Kutafuna dawa? Mi iko mbuzi? Dawa inakunywaka asubuhi, na tumbo bule, sawa mizizi ya zamani."

Nikaikunja karatasi. Sikurudia. Kila alfajiri nilikuletea kidonge na maji, ukakimeza kizima. Lituma ya ndizi na samaki ulikula saa sita.

Jana, shuleni, nilikikuta kidonge chako katika kitabu cha kemia. Ni kaboneti ya lantani, chumvi ya metali adimu. Asidi ya tumbo huivunja, gesi inatoka, lantani inabaki huru. Hapo huikamata fosfeti ya chakula, ile iliyojaa katika samaki na maharagwe. Vikishikana haviyeyuki tena. Vinatoka chooni bila kuingia damuni. Tumbo likiwa tupu, lantani haina cha kukamata.

Nilisoma mara tatu. Kisha mstari uliofuata: figo zikichoka, fosfeti huzidi damuni, na ngozi huwasha.

Papa, ngozi yako! Ulijikuna kwa kigunzi cha mahindi mpaka shuka ikashika damu, nami nikakupaka mawese, nikidhani nakusaidia. Najua kidonge kisingeponya figo. Kitabu kinasema hivyo pia. Lakini kule kuwashwa?

Sasa dada yako, tantine wa Mangobo, anaumwa figo, na tonton anamtumia vidonge vilevile. Leo nimetoka kwa miguu kabla ya jua. Nimemkuta kidonge kiko mdomoni, glasi mkononi. Mimi, ambaye hata darasani siinui kidole, nimemshika mkono.

"Tantine, hapana! Kula kwanza. Halafu utafune."

"Eh! Kumbe huyu iko na mudomo!"

Amekitema kiganjani, akaleta ndizi na samaki wa jana. Amekula, akatafuna huku uso umekunjamana.

"Iko sawa chokaa. Alors, papa yako alijua hii?"

"Nilimwambia mara moja tu."

Ameacha kutafuna.

Pumzika kwa amani huko kaburini, Papa. Nisamehe ile mara ya pili ambayo sikusema.

Binti yako